Baba, mbona wewe huendi uwanjani?

MSOMAJI mpenzi, je, umewahi kuulizwa swali na mtoto wako ukakosa pa kutazama? Mimi niliulizwa Jumamosi moja jioni, katika sebule yangu mwenyewe, nikiwa na kikombe cha chai mkononi na nikijiona mwenye hekima kushinda watu wote wa mtaa wetu.

Ilikuwa tarehe 22 Februari 2025. Arsenal ilikuwa imefungwa 1-0 na West Ham, tena katika uwanja wake wa nyumbani. Binti yangu, kifungua mimba mwenye umri wa miaka 13, alikuwa amejitupa kwenye kochi na jezi yake nyekundu, akilia kwikwi. Chakula hakukitaka. Mamake alimbembeleza wee, wapi!

Nami, kama ilivyo ada ya wazazi wa rika langu, nikaanza kuhubiri. Nilimweleza kwamba hao anaowalilia hawamjui wala hawatamjua. Nilimkumbusha kwamba kutoka Nairobi hadi London ni safari ya usiku kucha kwa ndege. Nikamwambia kuwa sisi tulikua na timu zetu, zenye wachezaji tuliokutana nao ndani ya basi na kuwasalimu kwa majina. Kisha nikamtaka anitajie wachezaji watatu tu wa ligi ya Kenya. Alinyamaza. Nami nikacheka kicheko cha mshindi.

Ndipo alipofuta machozi kwa mkono wa jezi, akaniangalia.

"Baba, kila siku unasema AFC Leopards ndiyo timu yako. Mara ya mwisho kwenda kuitazama ilikuwa lini? Mbona wewe huendi uwanjani?"

Kicheko kilinikauka mdomoni. Mara ya mwisho ilikuwa kabla yeye hajazaliwa.

Siku baba alipovaa koti

Ushabiki wangu niliurithi katika mtaa wa Jericho, hapa Nairobi. Baba yangu alikuwa Ingwe wa kufa kuzikana. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka wa 1964 kwa jina la Abaluhya, na hata jina lilipobadilishwa kuwa AFC Leopards, yeye hakubadilika. Mjomba wangu naye, ndugu yake mama, alikuwa wa Gor Mahia, klabu iliyoundwa 1968. Kwa hivyo nyumbani kwetu jina "mashemeji", ambalo watu hulitumia kwa mechi za timu hizo mbili, halikuwa mzaha. Hao walikuwa mashemeji kweli kweli, na kila timu zao zilipokutana, mama alijua kwamba mmoja wao hatakula vizuri jioni hiyo.

Mwaka wa 1987 nilikuwa na umri wa miaka tisa. Gor Mahia ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, ambalo wengi tulilijua kama Kombe la Mandela. Katika mkondo wa kwanza, ilitoka sare ya 2-2 na Esperance kule Tunis. Mkondo wa pili ungechezewa Kasarani, uwanja uliokuwa mpya kabisa, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka uo huo. Mjomba alikuja kunichukua mapema. Nilimtazama baba nikitarajia atakataa. Badala yake alivaa koti lake, akanishika mkono na kusema, "Leo hakuna shemeji. Leo ni Kenya."

Sitaki kukudanganya kwamba naikumbuka mechi yote. Nakumbuka migongo ya watu wazima, na jinsi mjomba alivyonibeba mabegani ili nione. Nakumbuka kwamba mambo yaliisha 1-1 na watu wakalipuka kwa furaha, nami nikashangaa jinsi sare inavyoweza kuleta kombe. Mjomba alinieleza: jumla ni 3-3, lakini sisi tumefunga mawili ugenini na wao wamefunga moja tu. Nakumbuka nahodha Austin Oduor, aliyeitwa Makamu, akiliinua kombe. Zaidi ya yote, namkumbuka baba yangu, shabiki sugu wa Ingwe, akimkumbatia mtu aliyevaa kijani ambaye hakumjua hata kwa jina.

Hadi leo hakuna klabu nyingine ya kabumbu ya Kenya iliyotwaa kombe la bara. Lakini mimi sikuondoka Kasarani na kombe. Niliondoka na mkono wa baba, na huo ndio ulionifanya shabiki.

Sauti iliyotoka dirishani

Siku ambazo nauli ilikosekana, redio ilifanya kazi ya basi. Baba aliiweka dirishani, majirani wakaleta viti vyao, na sauti ya Leonard Mambo Mbotela ikatupeleka uwanjani sote. Hata mama, aliyekuwa jikoni akichambua mchele, alijua mpira uko kwa nani. Sisi watoto tuliozaliwa baada ya enzi ya Joe Kadenge tulicheza mpira wa makaratasi huku tukipiga kelele "Kadenge na mpira!" ingawa Kadenge mwenyewe hatukuwahi kumwona akicheza. Maneno hayo ya Mbotela yalikuwa yamekwisha kuwa mali ya kila mtoto mwenye miguu.

Kadenge aliaga dunia Julai 2019. Mbotela naye alituacha tarehe 7 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 84. Nilihuzunika sana. Nilisimama sebuleni nikaitangazia jamaa yangu habari hiyo kana kwamba ni msiba wa ukoo wetu. Binti yangu aliinua macho kutoka kwenye simu akauliza, "Ni nani huyo?"

Nilikasirika, msomaji. Nilidai kwamba watoto wa siku hizi hawajui lolote. Sikujiuliza ni nani aliyepaswa kumjulisha. Majuma mawili baadaye ndipo aliponiuliza lile swali la uwanjani, na hapo nikaona kwamba maswali hayo mawili ni ndugu.

Hofu iliondoka, uvivu ukabaki

Huenda unasema, kwani ni nini kilichokufukuza uwanjani? Nina jibu ambalo nimelitumia kwa miaka mingi. Tarehe 23 Oktoba 2010, mechi ya mashemeji ilichezewa Nyayo. Nilikuwa nimepanga kwenda lakini mgeni akatujia nyumbani, nikabaki. Jioni redio ilitangaza kwamba kulikuwa na mkanyagano na watu saba wamekufa. Mke wangu alinitazama bila kusema neno. Baadaye usiku aliniomba nisirudi tena katika mechi za namna hiyo, nami nikakubali. Nadhani hata wewe ungekubali.

Lakini ukweli haufichiki. Hofu hiyo ilipungua mwaka baada ya mwaka. Kilichobaki ni uvivu. Kiti cha sebuleni ni laini, chai iko karibu, na mpira wa Uingereza unakuja wenyewe hadi mezani. Tena nilikuwa na visingizio tele. Ubingwa wa ligi wa mwaka 1998 niliusherehekea nikiwa kijana, kisha robo karne nzima ikapita Ingwe ikiambulia patupu katika ligi. FIFA iliifungia Kenya kutoka Februari hadi Novemba 2022 kwa ajili ya mizozo ya uongozi. Nikasema, mpira gani huu? Nikawa shabiki wa mdomo: natetea timu kinyozini, naikosoa kwenye matatu, na tiketi sinunui.

Usinielewe vibaya. Sina ugomvi na ligi ya Uingereza. Soka yao ni nzuri na huchezewa nyasi ambazo ng'ombe wetu wangezitamani. Ninachosema ni kwamba mtoto hupenda kile alichooneshwa akipenda. Mimi nilimwonesha binti yangu Arsenal kila Jumamosi tangu akitambaa, kisha nikamlaumu kwa kuipenda. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Muziki nao ni vivyo hivyo

Niliendelea kujichunguza, na nikagundua kwamba kosa langu halikuwa la kabumbu peke yake. Hebu tuangalie muziki.

Baba alikuwa na kaseti za Daudi Kabaka na za Les Wanyika, bendi iliyozaliwa hapa Nairobi mwaka wa 1978 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika. Zile gita za "Sina Makosa" zilikuwa saa yetu ya ukutani: zikisikika Jumapili, ujue chakula kimekaribia kuiva. Kisha mimi nikawa kijana, na miaka ya tisini ilipokaribia kwisha nikaleta nyumbani kaseti ya Kalamashaka, vijana wa Dandora. Baba alisikiliza "Tafsiri Hii" kwa dakika moja, akatoa hukumu: makelele.

Lakini mzee hakuwa mkaidi. Miaka michache baadaye, E-Sir wa South C alipovuma, baba alianza kutega sikio. Alishangaa kumsikia kijana akizungusha mizani ya Kiswahili kwa wepesi kama manju wa kale. E-Sir alipofariki katika ajali ya barabarani Machi 2003, akiwa na umri wa miaka 21 tu, ni baba aliyeniletea gazeti na kuniambia, "Pole kwa mtu wako." Nilijua wakati huo kwamba alikuwa ameuheshimu muziki wangu ingawa hakuupenda.

Je, mimi nimefanya nini? Gengetone ilipoingia mwaka wa 2018 na wimbo wa "Lamba Lolo" ukawa katika kila matatu, nilizima redio na kutoa hukumu ile ile: makelele. Kwa kweli baadhi ya maneno ya nyimbo hizo hayafai sebuleni, na hapo mzazi asione haya kusema hapana. Lakini kuna tofauti ya kuchuja na kuziba masikio. Niliziba masikio, na binti yangu naye akaziba yake kwa vile vidude vya kusikilizia. Tukawa nyumba moja yenye redio mbili zisizoamkiana.

Baada ya ile jioni ya aibu tulifanya mapatano. Kila Jumapili tukipika, anacheza wimbo mmoja wake, nami namchezea mmoja wangu. Atakayekatiza wimbo wa mwenzake ataosha vyombo. Nimeosha vyombo mara mbili. Lakini siku moja nilimkuta peke yake sebuleni akifuatisha gita la Les Wanyika kwa kidole juu ya meza. Sikumwambia kitu. Nilirudi nyuma polepole, nisije nikaliharibu jambo.

Kasarani kwa mara ya pili

Agosti 2025 ilipofika, Kenya, Uganda na Tanzania zikawa wenyeji wa mashindano ya CHAN. Hayo, kama unavyojua, ni ya wachezaji wanaosakata gozi katika ligi za nchi zao tu. Hakuna wa kutoka London wala Madrid. Kenya ilikuwa ikishiriki kwa mara ya kwanza, na ilitupwa katika kundi la Moroko, DR Congo, Angola na Zambia. Wengi walituhurumia. Moroko na DR Congo walikuwa wametwaa kombe hilo mara mbili kila mmoja.

Nilinunua tiketi za mechi ya kwanza, Jumapili tarehe 3 Agosti. Mke wangu alinitazama kama alivyonitazama mwaka wa 2010. Safari hii nilimweleza kila kitu: tutaondoka saa ngapi, tutaingia mlango upi, tutakaa wapi, tutarudi vipi. Alimwandikia binti yetu nambari ya simu kwenye mkono kwa kalamu ya wino, kisha akasema, "Mshike mkono."

Nilimshika kutoka Thika Road hadi kitini. Njiani aliniuliza kama kuna wasichana wanaocheza soka ya maana hapa kwetu, au ni mambo ya wavulana tu. Kwa bahati nzuri swali hilo nililijua. Nilimwambia kwamba timu ya kwanza ya kabumbu ya Kenya kufika Kombe la Dunia haikuwa ya wanaume. Ilikuwa Junior Starlets, wasichana wa chini ya miaka 17, waliokwenda Jamhuri ya Dominika Oktoba 2024 na kuipiga Mexico 2-1. Alisimama katikati ya njia. "Wana umri kama wangu karibu!" akasema. Nikamvuta tuendelee, maana foleni ilikuwa ndefu.

Kipindi cha kwanza kilipokuwa kinayoyoma, Austin Odhiambo alitikisa nyavu za DR Congo. Odhiambo alikuwa mchezaji wa nani? Wa Gor Mahia! Nami, Ingwe mtoto wa Ingwe, nilijikuta nimemkumbatia jamaa mmoja aliyevaa kijani, tunaruka kama watoto. Binti yangu alinitazama akicheka mpaka machozi yakamtoka. "Baba, si hao ni maadui zako?"

"Leo hakuna shemeji," nikamwambia. Sauti ilinikwama kidogo. Baba yangu hayupo tena, na maneno hayo sikuwa nimeyatamka tangu nilipoyasikia.

Kenya ilishinda 1-0. Kisha ikatoka sare ya 1-1 na Angola, ikaipiga Moroko 1-0 ikiwa na wachezaji kumi, na kuifunga Zambia 1-0. Tuliongoza kundi. Kufikia hapo binti yangu hakuwa akitaja wachezaji watatu wa ligi ya nyumbani. Alikuwa akitaja kumi na mmoja pamoja na wa akiba, na kunisahihisha nilipokosea.

Ukiamua kwenda

Huenda nawe msomaji una mtoto ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani. Acha nikupe machache niliyojifunza, kwani anayejua njia huwaonesha wenzake.

Usianze na mechi ya mashemeji. Chagua mechi ndogo ya ligi, yenye watu wachache, ili mtoto aone uwanja badala ya kuona migongo. Nunua tiketi mapema na ufike mapema. Vurugu nyingi hutokea langoni wakati watu wamechelewa na mpira umeanza. Keti mbali kidogo na mashabiki wanaoimba kwa ngoma, lakini si mbali sana, maana nyimbo zao ni nusu ya raha. Mwandikie mtoto nambari ya simu mkononi, na mkubaliane mapema mahali pa kukutana mkipotezana. Beba maji na shilingi za njugu. Ukiona msukumano langoni, rudi nyuma usubiri. Hakuna bao lenye thamani ya mbavu za mtoto. Mchezo ukiisha, kaeni kitini dakika kumi umati upungue. Hizo dakika kumi ndizo nzuri kuliko zote, kwa sababu ndipo mtoto huuliza maswali.

Na ikiwa kwenu hakuna anayependa kabumbu, basi peleka mtoto kwenye mchezo wa kuigiza, au kwenye tamasha za muziki za shule, au mketishe umsimulie juu ya Mzee Ojwang' na Mama Kayai wa "Vitimbi". Lililo muhimu ni kwamba uwepo mwenyewe. Simu haiwezi kumshika mtoto mkono.

Machozi ya mara ya pili

Tarehe 22 Agosti tulikutana na Madagascar katika robo fainali pale Kasarani. Tiketi sikupata, kwa hivyo tuliitazama nyumbani na majirani wawili na watoto wao. Tulitangulia kufunga, wakasawazisha, ikawa 1-1. Dakika za nyongeza zikapita. Kisha ikaja mikwaju ya penalti, na Madagascar ikashinda 4-3.

Sebule ilikuwa kimya. Nilimgeukia binti yangu nikamwona amejikunja kwenye kochi lile lile, akilia kwikwi kama Februari. Mamake alimletea chakula, akakikataa.

Safari hii sikuhubiri. Niliketi kando yake, nikamshika mkono, na kusema ukweli hata mimi macho yangu hayakuwa makavu. Baada ya kitambo alijipangusa uso akauliza, "Baba, ligi ya hapa inaanza lini? Nataka kuona kama AFC ni wazuri jinsi unavyosema."

Nilimwonya kwamba huenda si wazuri sana. Akasema haidhuru, tutakwenda tu.

Je, msomaji, wewe ni shabiki wa nini? Na mtoto wako anajua? Usingoje akuulize ukiwa na kikombe cha chai mkononi. Mshike mkono muende. Ukituona uwanjani, baba na binti, mmoja amevaa buluu na mwingine bado na jezi nyekundu ya Arsenal, njoo utusalimu.